Aliyebeba Nafasi Yako Ijumaa Kuu

Serralupa,
Abruzzo.
Jumatatu, 6 Aprili 1959

Mpendwa kaka yangu Ersilio,

Tumsifu Yesu Kristo.

Naanza na salamu hii tuliyofundishwa na bibi, na nakuomba uijibu huko uliko kabla hujasoma mstari mwingine. Hujambo? Afya yako ikoje? Kile kikohozi ulichosema kilikushika mwaka jana kwenye tanuri la matofali kimekuachia, au bado kinakuamsha? Unakula? Unapata usingizi? Watu huuliza maswali haya kwenye barua kama mtu anayefuta miguu mlangoni, ili apate tu kuingia ndani. Mimi leo nayauliza kwa sababu nayataka majibu yake. Mbele utaelewa.

Sisi hatujambo kwa rehema za Mungu. Theluji ilikaa mpaka katikati ya mwezi wa tatu, ikaja mvua, na nyuma ya mvua ukungu, ule wa kwetu unaopanda kutoka bondeni ukaingia hata kabatini kwenye mashuka. Mbuzi wangu mweusi amezaa mapacha. Mume wangu Liborio bado analalamika mgongo, na mpaka juzijuzi alikuwa akifanyia mzaha kila kitu isipokuwa mgongo huo.

Mama yako, mama mkubwa Palmira, macho yamekwisha kabisa, ila masikio yamekuwa ya paka. Akikaa kizingitini humtaja kila anayepita kwa mlio wa viatu vyake. Nampelekea supu mchana, Jumamosi namsuka nywele. Nilitaka kukuandikia kwamba usiwe na wasiwasi juu yake. Lakini wasiwasi wenyewe ndio ulionikalisha niandike.

Mji unapungua. Akina Colantuoni wamefunga mlango wamemfuata kijana wao Ubelgiji; hata paka wamemwacha, analia juu ya paa lao kama mtoto. Asubuhi ukisimama kisimani, moshi unaouona juu ya mapaa ni mchache, na kwenye vizingiti vingi upupu umeota mpaka kwenye kitasa. Shuleni watoto wote wanaenea benchi moja.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Nitakukumbusha mambo unayoyajua, si kwamba umeyasahau, ila nataka mimi na wewe tuwe tunatazama kitu kimoja.

Unakijua Kitanda cha Bwana, kile ambacho juu yake Kristo aliyekufa hulala siku ya Ijumaa Kuu. Bibi alikuwa akisema kwamba baada ya lile tetemeko la zamani zilibaki nyumba nane tu zimesimama, na wanaume wa nyumba hizo ndio waliokata mbao wakakichonga, wakaweka mipiko miwili ya kubebea na nafasi nane za mabega, kila nyumba nafasi yake. Tangu siku hiyo nafasi haiuzwi wala haiazimwi. Mwenyewe akiwa ng'ambo, hubaki wazi mpaka aiachie kwa neno lake au afe. Nyumba yenu ni ya tatu kushoto. Tangu uende Argentina imekuwa wazi, na kila mwaka mama yako amenipa ile kata ya bega aliyokushonea, ile ya sufu ya kondoo, nikaifunga kwenye mpiko mahali pako, ili Bwana aone kwamba nyumba ina mtu ingawa hayupo.

Mwaka juzi Kitanda kiliinama kushoto pale kwenye ngazi za Mtakatifu Blasi. Mwaka jana kikainama zaidi, mkono wa Bwana ukagonga ukuta, kidole kikavunjika. Wanawake walilia kama wamevunjika wao. Basi watu wa Valdarena kule chini wakaleta maneno yao matamu, kwamba wao wana vijana na wana barabara ya lami, Bwana akae kwao awe salama. Mzee Quirino, mkuu wa Udugu wetu wa Mauti Njema, aliwakatalia mwaka huo, lakini akaahidi mbele ya padri kwamba kikiinama tena, Kitanda kitashuka Valdarena na hakitapanda tena. Ndiyo sababu nilikuandikia wakati wa vuli nikikuomba uiachie nafasi, apewe Amedeo, mpwa wa Liborio, aliye na mabega na hana nyumba katika zile nane.

Nawe ukanijibu kwa maneno machache, mwandiko umelala upande kama majani yaliyopigwa upepo: nafasi ya baba yangu asipewe mtu, mwaka huu nitabeba mwenyewe.

Nilimsomea mama yako. Akaniambia nisome tena. Kisha akaenda kufumua ile kata, akatoa sufu ya zamani akajaza mpya, anapapasa huku akiimba chini chini. Tangu barua hiyo hatukupata nyingine.

Tukakungoja. Kila basi lililopanda kutoka Sulmona mama aliniuliza kama nimeona mtu mwenye sanduku. Juma Takatifu likaingia, hukutokea. Mzee Quirino akasema basi, tutabeba saba kama tulivyozoea, na atakayeweza kufunga, afunge kwa ajili ya zile ngazi.

Ijumaa Kuu ikaja na ukungu wake. Saa tisa alasiri ilikuwa nyeupe tupu. Ukinyoosha mkono, vidole vinafifia. Niliingia kanisani mapema nikafunga kata yako mahali pake, nikatoka, maana wanaume wakianza kuvaa sisi hatukai. Unajua walivyo wakishavaa: kanzu nyeupe, kofia iliyoshuka mpaka kidevuni, matundu mawili ya macho, miguu mitupu. Unajua pia mwiko wetu. Waliofunika uso hawahesabiwi, na mbebaji hasemi neno lolote mpaka aume mkate wa nyumba yake. Bibi alitupiga kofi mimi na wewe kwa kuwahesabu, wakumbuka? Na wewe ulisema ni mimi niliyeanza.

Wakatoka. Kengele zimefungwa, vinalia vile vibao vya mbao, na sisi nyuma tunaimba. Mimi nimemshika mama yako mkono. Tulipofika pembeni mwa ngazi tukasimama pale anaposimama kila mwaka, asikilize. Pale ndipo mpiko wa kushoto hulia kama mlango mbovu, na wanawake wote huvuta pumzi kwa pamoja.

Haukulia. Kitanda kilishuka kimetulia kama sahani juu ya meza.

Mama mkubwa akanibana mkono. Akasema, "Wako wanane."

Nikamwambia, "Mama, nyamaza, hawahesabiwi hao."

"Sijahesabu," akasema. "Nimesikia miguu."

Ndipo nikainua macho. Kitanda kilikuwa kinapita mbele yetu, na upande wa kushoto, nafasi ya tatu, mahali pako palikuwa pamejaa. Na aliyekuwa pale hakutembea nje ya mpiko kama wengine. Alikuwa ndani, katikati ya mipiko, chini ya Bwana, amebeba kwa bega la kushoto.

Kaka, mji mzima ni mtu mmoja tu aliyewahi kubeba hivyo, tangu nyumbu wa Quirino alipomwangusha akavunjika mtulinga wa kulia. Hujasahau walivyokucheka. Wakikuona chini ya Kitanda walikuita kifaranga, wakasema Bwana amekuatamia. Nami nilipokuona nikasema moyoni, kifaranga amerudi.

Nakuapia, sikuogopa. Nilifurahi. Nilijua umeshuka kwenye basi la mchana, ukapita nyuma ya kanisa ili utushtue sote, maana ndiyo tabia yako tangu utoto. Niliimba sauti ikanikauka.

Walipokwisha kumweka Bwana kanisani, tukaenda mlango wa ubavuni kama kawaida, kila mwanamke na divai yake na mkate wa bizari tamu kwa ajili ya mbebaji wake. Mama yako nilimkalisha kwenye kiti. Kila mwaka huuoka mkate wako, akangoja nao mikononi mpaka wote waishe, kisha tukawapa ndege. Wakatoka mmoja mmoja. Ulipotoka wewe, au yule, nilisogea karibu nikasema kwa furaha, "Tumsifu Yesu Kristo, kaka."

Akasimama. Akanigeuzia yale matundu mawili. Hakujibu.

Tangu siku ile nimeligeuza jambo hili kichwani kama shanga za rozari. Bibi alisema, ukikutana na mtu kwenye ukungu, msalimu kwa jina la Yesu. Aliye hai atakujibu. Lakini huyu alikuwa hajauma mkate, na kwa sheria yetu asingeweza kunijibu hata kama ni mzima kama mimi. Nilimsalimu mahali pekee duniani ambapo kunyamaza si dalili ya kitu.

Akanipita akaenda kwa mama. Mama alinyoosha mkate kwa mikono miwili, yeye akainama. Wakati huohuo Liborio akatokea mlangoni ananinyooshea kikombe, nikamgeukia kumjazia. Nilipogeuka tena, mama yako yuko peke yake kwenye kiti, mikono mitupu imebaki imenyooshwa. Mbele yake ukungu.

Nikamuuliza amekwenda wapi.

"Nyumbani," akasema, kama mtu anayeulizwa jambo la kijinga. "Amekonda, Domitilla. Na mikono yake ni baridi kama mawe ya mtoni. Wahi ukamwashie moto."

Nilikimbia, mimi na umri wangu huu. Nilikuta mlango wa nyumba yenu umefungwa kwa ufunguo, na ufunguo ulikuwa mfukoni mwangu. Ndani jiko limepoa. Hapakuwa na sanduku, hapakuwa na viatu, hapakuwa na alama mbichi ya mguu sakafuni. Nilipekua hata zizini. Kisha nikawasha moto, maana niliambiwa niwashe.

Jioni hiyo nilimuuliza Liborio, kwa kuwa nafasi ya nne kushoto ni yake, na mgongo wa yule mtu ulikuwa mbele yake njia nzima. Akasema yeye alidhani mzee Quirino ameogopa aibu akamleta mtu wa Valdarena kwa siri, na alikuwa amekasirika, akipanga kumtukana baada ya mkate. Tukaenda kwa Quirino. Quirino akasema yeye alidhani Liborio amemwingiza Amedeo kwa hila, akaamua kufumba macho kwa ajili ya kidole cha Bwana. Naye Amedeo alikuwa malishoni kwa uzazi wa kondoo tangu alfajiri, wachungaji wote walikuwa naye, na alipoulizwa alicheka mpaka tulipomfanya aache. Kila mmoja alimdhania mwenzake, na hakuna aliyeangalia, kwa kuwa tumelelewa tusiangalie.

Liborio njiani akajaribu kuniliwaza. Akasema, "Mke wangu, marehemu hawana uzito. Yule alibeba kweli, bega langu linajua. Mwaka jana lilichubuka, leo hata halijawa jekundu."

Jumamosi Kuu mzee Quirino akaja kunirudishia kata yako. Hakutaka kuingia. Alinikabidhi mlangoni kwa vidole viwili, akasema, "Mahali pamebebwa. Mimi sihesabu," akaenda zake.

Kaka, kila mwaka kata hiyo hurudi imenyooka kama ilivyokwenda. Safari hii ilikuwa imebonyea katikati, imelowa jasho, na kwenye kitambaa palikuwa na vumbi jekundu. Unakijua Kitanda, unajua ngazi, unajua kila jiwe la hapa. Kwetu hata matope ni meupe. Mimi namjua mtu mmoja tu anayefanya kazi kwenye vumbi jekundu, aliyewahi kuniandikia kwamba halitoki hata ukioga kwa brashi. Liborio akasema ni kutu ya misumari. Akaisugua kwa kidole, akainusa, akaiweka chini. Tangu saa ile hajafanya mzaha, hata kuhusu watu wa Valdarena.

Nilikwenda kwa Padri Gaudenzio. Alinikemea kwanza, kwamba wanawake wa mlimani wana imani nusu na hadithi nusu. Nikainuka niende. Alipofika nami mlangoni akaniuliza kwa sauti ndogo, "Alibeba kwa bega lipi?" Nilipomwambia, akakaa. Nikamwomba misa. Akasema hawezi kusoma misa ya marehemu kwa mtu ambaye hakuna aliyemwambia kuwa amekufa. Mwishowe akaisoma kwa nia ya Ersilio, bila kusema yuko upande gani, nasi tukaitika amina bila kujua tunaitikia nini.

Haya yote ningeyavumilia, kaka. Bwana amebaki Serralupa, Valdarena wamenyamaza, na aliyetusaidia Mungu anamjua. Jambo linalonitoa usingizini ni mama yako.

Tangu Ijumaa Kuu anapika ugali wa wawili. Ananituma sahani mbili, vijiko viwili. Kiti chako amekisogeza karibu na moto na haruhusu mtu akikalie. Jumapili ya Pasaka shemeji yako Liborio alitaka kukaa akafukuzwa kama kuku. Nikienda mchana, sahani ya pili iko vilevile, ugali umeganda, naye ananiambia mwanawe hana hamu, amechoka na safari. Halafu chake mwenyewe humwachia, akisema aliyekonda ndiye wa kula. Juzi Jumamosi nilipomsuka nilishika shingo yake, imekuwa kama ya kifaranga kweli. Mbwa wetu Moro hulala mbele ya mlango wake toka asubuhi. Hutazama ndani, hutikisa mkia. Lakini haingii.

Na siku hiyohiyo ya kumsuka aliniambia, bila huzuni, kama anayezungumzia kwenda gulioni, "Hakai sana huyu. Akiondoka, safari hii naondoka naye."

Ersilio, unaona sasa kwa nini nakuuliza kama hujambo.

Kama uko hai, niandikie upesi, na uandike kwa mkono wako, usimpe mtu. Hata neno moja. Nitaiweka barua hiyo puani pake, aisikie harufu yako, nitamwambia mwanao anakula na kulala ng'ambo, naye atakula chakula chake. Sitakulaumu kwa lolote. Nafasi yako itabaki yako, na hakuna atakayekuomba tena uiachie.

Kata nimeitundika kwenye msumari wake, sijaifua. Desturi unaijua: ya aliye hai hukaa msumarini, ya aliyekufa huwekwa chini ya kichwa chake. Wewe ukiwa umelala huko mbali, sijui kichwa chako kiko wapi nikuwekee. Na mama yako ameniambia nisiishike, kwamba mwenyewe ataitafuta.

Naandika haya kwenye meza ya jikoni kwenu, baada ya supu, mchana mweupe, ukungu umeziba dirisha. Mama yuko kitandani pake pale pembeni. Amesikia kalamu. Ameniuliza namwandikia nani. Nikamwambia, Ersilio, Argentina.

Akacheka, kaka, kicheko cha usichana. Akasema, "Karatasi ya nini? Mwulize mwenyewe, yuko nyuma yako."

Na kiti cha karibu na moto kililia kidogo, kama kinavyolia mtu anapoegemea. Labda ni ubao unakauka. Sijageuka. Tangu hapo nimekuwa nikiandika, na nitaendelea kuandika mpaka karatasi iishe, kwa kuwa mkono ukiwa na kazi, shingo hutulia.

Basi pokea salamu. Liborio anakusalimu na kusema ukija atakuazima koti lake zuri. Amedeo anakusalimu, kondoo wamezaa vyema. Mzee Quirino hakusema nikusalimie, lakini aliponiona nanunua stempu alivua kofia. Padri Gaudenzio anakubariki kwa baraka ya kila mahali. Mama yako anasema nisikutumie salamu zake, kwani ameshakusalimu mwenyewe asubuhi.

Mungu aliyetulia ndani ya kaburi siku ya Jumamosi akushike mkono, kama uko juu ya ardhi au chini yake, na Mama wa Machozi asimchukue mama yako kabla sijapata jibu.

Mimi dada yako akupendaye pande zote mbili,

Domitilla

Nimesahau. Nilianza na salamu, na salamu hudai jibu lake. Tumsifu Yesu Kristo, kaka. Safari hii umeshauma mkate, unaruhusiwa kujibu.